Sidi Mubarak Bombay na Maji Yanayochemka

Je, wajua kwamba maji ya Dodoma huchemka yakiwa na joto dogo kuliko maji yanayochemka Dar es Salaam? Jambo hili si hadithi. Zaidi ya miaka 160 iliyopita wasafiri walilitumia kupima kimo cha nchi yetu kutoka usawa wa bahari. Mmoja wa watu waliokuwa katika safari hiyo ni Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa mnamo mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa Kilwa, kisha akavushwa bahari hadi India. Huko alitumikishwa miaka mingi. Bwana wake alipofariki, Bombay aliachwa huru, akarudi Afrika Mashariki na kuwa askari wa Sultani wa Unguja.

Mwaka 1857 aliingia katika msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Bombay hakujua Kiingereza, wala Speke hakujua Kiswahili. Walizungumzaje? Wote wawili walikuwa wameishi India. Kwa hiyo, katikati ya mbuga za Ugogo, walizungumza Kihindustani!

Safari ya nyanda za kati ilikuwa ngumu. Baada ya Mpwapwa misafara ilivuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Maji yapitapo katika udongo na mawe huyeyusha chumvi zilizomo. Jua likiyakausha, maji hupungua lakini chumvi hubaki. Mwaka 1871 Bombay alipita huko tena, akiwa mkuu wa askari wa msafara wa Henry Stanley. Punda kadhaa wa msafara huo walikunywa maji hayo, wakafa.

Sasa tutazame jinsi kimo cha nchi kilivyopimwa. Speke alichemsha maji, akatia kipimajoto ndani yake. Kumbuka kwamba hewa ina uzito. Pwani, hewa nyingi huyagandamiza maji, nayo huchemka yafikapo nyuzi 100 za sentigredi. Kadiri upandavyo juu, mgandamizo wa hewa hupungua. Kwa kila meta 300 hivi, joto la kuchemka hupungua kwa karibu nyuzi 1. Mji wa Dodoma uko kwenye kimo cha meta 1,120 hivi, basi maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva Dodoma kuliko pwani.

Mwezi wa Agosti 1858 Speke na Bombay walifika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Kwa kuchemsha maji tu, Speke alipata kimo kinachokaribia sana kipimo cha leo, yaani meta 1,134. Lakini kimo cha Ziwa Tanganyika walikikosea kwa meta 200 hivi, kwa sababu kipimajoto chao kilikuwa na kasoro. Hivyo mpimaji hodari huchunguza kwanza chombo chake.

Bombay hakukoma hapo. Mwaka 1862 alifika na Speke mahali Mto Nile utokapo Ziwa Viktoria, kisha wakaendelea hadi Misri. Mwaka 1871 alikuwamo Ujiji, Stanley alipoonana na David Livingstone. Mwaka 1875 alifika Bahari ya Atlantiki, pwani ya Angola, pamoja na Verney Cameron. Inakadiriwa kwamba alisafiri zaidi ya kilomita 9,000, nyingi kwa miguu.

Sifa za safari hizo walipewa zaidi wageni walioandika vitabu. Hata hivyo, chama cha wanajiografia cha Uingereza kilimpa Bombay medali ya fedha, na mwaka 1876 kikampa malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alikuwa amelivuka bara zima kutoka bahari hadi bahari. Utakapoona sufuria ikichemka jikoni kwenu, mkumbuke.

Maswali
1. Kwa nini maji huchemka upesi zaidi mahali palipoinuka?
2. Kijiji kimoja kiko meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yake huchemka kwenye nyuzi ngapi?
3. Yeyusha chumvi katika maji kidogo, uyaanike juani ndani ya sahani. Eleza unachokiona baada ya maji kukauka.