Richard St. Barbe Baker: bwana miti aliyeanza bila fungu

Kila tunapozungumza redioni kuhusu upandaji miti, maswali mengi yanayofika studio ni ya pesa. Kikundi kina kitalu na watu wa kumwagilia, lakini hakijui mfadhili wa kutoka nje anatazama nini kabla ya kutoa hata shilingi moja. Leo tunalijibu swali hilo kwa kupitia maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kazi yake ilianzia Kenya, ingawa wengi hapa wamelisahau jina lake.

Richard St. Barbe Baker alizaliwa Oktoba 1889 karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti, kwa hiyo mtoto alizoea udongo na miche mapema. Akiwa kijana wa miaka 20 hivi alikwenda Kanada, katika jimbo la Saskatchewan. Alisoma huko huku akifanya kazi ya kukata miti. Aliona magogo mengi yakiozea msituni bure, na aliona wakulima waliong'oa kila mti kwenye tambarare wakihangaika na upepo uliobeba udongo wa mashamba yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alipigana Ufaransa akajeruhiwa. Baadaye alisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilimleta Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu. Alikuta hali ngumu. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi kubwa na nzuri, na Wakikuyu walikuwa wamebanwa katika maeneo waliyotengewa. Zamani shamba likichoka familia ililiacha lipumzike, na vichaka na miti vikarudi vyenyewe. Ardhi ilipopungua, nafasi ya kupumzisha shamba ikaisha. Wakati huohuo mbao zilikuwa biashara, na misumeno haikulala.

Baker alitaka miti ya asili irudi, lakini kwa maelezo yake mwenyewe, serikali haikumpa fungu la kazi hiyo. Msitu ulihesabiwa kwa mbao zilizotoka, na mche uliopandwa kwenye shamba la mwenyeji haukuwa na mahali katika hesabu hizo.

Basi akaenda kwa wenyeji. Alikaa na wazee, na mtu aliyemsaidia zaidi alikuwa Chifu Josiah Njonjo, baba wa Charles Njonjo ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya. Wazee walimweleza kwamba kupanda miti ya msituni ni kazi ya Mungu, si ya binadamu. Baker hakubishana nao. Alijua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna, akapendekeza iwepo pia ngoma ya miti.

Julai 1922 ngoma hiyo ilichezwa Muguga, na inasimuliwa kwamba vijana wapatao 3,000 walihudhuria. Hamsini kati yao walichaguliwa kuwa wa kwanza katika chama kilichoitwa Watu wa Miti. Kila mmoja aliahidi kupanda miti kumi ya asili kila mwaka, kulinda msitu na kutunza miti popote alipo.

Hapa tuseme ukweli wote. Baker alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyowanyang'anya watu ardhi, na ngoma ile haikurudisha ardhi hiyo. Kijana aliyepanda miti kumi bado alikuwa na sababu ya kujiuliza itakuwa ya nani ikikomaa. Swali hilo lipo hadi leo katika kila mradi wa misitu, na tutalirudia hapa chini.

Baker mwenyewe hakudumu katika utumishi. Alisimulia kwamba aliwahi kujiweka kati ya ofisa mwenzake na mfanyakazi Mwafrika aliyekuwa anapigwa, pigo likampata yeye, na wakubwa wake hawakulipenda jambo hilo. Alihamishiwa Nigeria, kisha akaachana kabisa na kazi ya ukoloni.

Mwaka 1924 alikuwa ameanzisha tawi la chama hicho Uingereza. Huko ndiko alikojifunza njia nyingine ya kupata pesa: ada za wanachama, michango, vitabu na mihadhara. Alikwenda Palestina kuwakutanisha viongozi wa dini mbalimbali katika kazi ya vitalu. Alifanya kampeni ya kuokoa miti mikubwa ya California, Marekani. Mwaka 1952 na 1953 alivuka Sahara kwa gari akichunguza jangwa linavyoweza kuzuiwa kwa miti. Mwaka 1982, akiwa na miaka 92, alipanda mti wake wa mwisho huko Saskatchewan, na siku chache baadaye, Juni 9, akafariki.

Chama chake sasa kinaitwa International Tree Foundation. Bado kinafadhili vikundi vya jamii, na katika misitu ya nyanda za juu za Kenya kilijiwekea lengo la miti milioni 20. Si hicho peke yake. Kuna Mpango wa Misaada Midogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanza mwaka 1992 na unaosimamiwa na UNDP. Kwa muda mrefu kikomo chake cha kawaida kwa kikundi kimoja kilikuwa dola 50,000. Maombi huchaguliwa na kamati ya ndani ya nchi husika, yenye wajumbe wengi wasio wa serikali.

Sasa, mfadhili wa namna hii anatazama nini?

Kwanza, wenyewe. Je, mradi umetoka kwa wanakijiji, au umeandikwa mjini na mtu asiyejua mto wenu unaitwaje? Baker alianza na wazee kabla ya mche wa kwanza.

Pili, ardhi. Mfadhili atauliza eneo ni la nani na nani atavuna. Kenya, kikundi kinachotaka kufanya kazi ndani ya msitu wa serikali huungana na chama cha jamii cha msitu na kuwekeana mkataba na wasimamizi wa msitu. Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Karatasi hizo zitafuteni mapema.

Tatu, aina ya miti. Miti ya asili na ya matunda, inayofaa mvua na udongo wenu, ina hoja yenye nguvu kuliko miche iliyochaguliwa kwa sababu ilipatikana bure.

Nne, hesabu. Usajili, akaunti ya benki, risiti na mchango wenu wenyewe. Mchango si lazima uwe pesa. Nguvu kazi, samadi na kiwanja cha kitalu navyo huhesabiwa.

Tano, miti iliyoshika. Mfadhili makini hulipa kwa awamu, na kabla ya awamu inayofuata hutaka kujua ni mingapi bado iko hai baada ya kiangazi. Kupanda elfu kumi na kubaki na mia mbili ni hasara, hata kama picha za siku ya uzinduzi zilipendeza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika ombi, gaweni zamu na mwende shambani na daftari. Hesabuni miti mliyokwisha kupanda, iliyo hai na iliyokufa, na muandike sababu ya kila iliyokufa, iwe mbuzi, mchwa au ukame. Ukurasa huo uwe wa kwanza katika ombi lenu.