Bach, Mtu wa Mshahara na Baba wa Watoto 20

Wengi wanaolijua jina la Johann Sebastian Bach hulitaja kwa heshima yenye hofu. Wameiona picha ya mzee mnene wa Kijerumani, mwenye nywele za bandia na uso uliokunjamana, wakadhani kuwa maisha yake yote yalikuwa sala na ukali. Picha hiyo haikumtendea haki. Alipenda mzaha, tumbaku, kahawa na divai. Alipenda nyumba iliyojaa watu. Tena tangu ujana wake hadi kufa kwake alikuwa mwajiriwa, mtu aliyekula mshahara na kugombana na waliomlipa.

Alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani, katika ukoo uliorithishana muziki kama koo nyingine zinavyorithishana uhunzi. Mjini Erfurt jamaa hao walienea hata mpiga muziki yeyote wa mji akaitwa Bach, awe wa ukoo au asiwe. Walikuwa na desturi ya kukutana mara moja kwa mwaka. Walianza kwa wimbo wa kumsifu Mungu. Kisha, bila kuona haya, waligeukia nyimbo za mitaani, kila mmoja akiimba wake na kuuongezea maneno ya papo hapo, mengine ya utani mkali, zote zikichanganywa kwa ustadi mpaka watu wakavunjika mbavu.

Kicheko hicho hakikutokana na maisha mepesi. Alipotimiza miaka 10 alikuwa yatima wa baba na mama, akalelewa na kaka yake. Mwaka 1703 akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa mjini Arnstadt. Miaka miwili baadaye aliomba ruhusa ya majuma manne, akaenda Lübeck, mwendo wa kilometa 400 hivi, kumsikiliza bingwa Buxtehude. Alikaa karibu miezi minne! Wakubwa wake walimwita na kumhoji, naye hakuonyesha majuto makubwa. Huko Weimar mwaka 1717 alishikilia kuachishwa kazi ili aende kwa bwana mwingine aliyemlipa vizuri zaidi. Mtawala akamtia kizuizini karibu majuma manne, kisha akamfukuza. Mwajiriwa wa siku zile aliweza kufungwa kwa kosa la kutaka kuondoka.

Mwaka 1720 alirudi kutoka safari ya kikazi akakuta mkewe, Maria Barbara, amekwisha kufa na kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa umri wa miaka 20. Kwa wake hao wawili alipata watoto 20, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Aliwafundisha mwenyewe, akiandika kwa mkono wake madaftari ya mazoezi kwa ajili ya mwanawe wa kwanza na kwa ajili ya mkewe. Kuanzia mwaka 1723 waliishi Leipzig, ndani ya jengo la shule ya Mtakatifu Thomas alikofanya kazi. Wanafunzi, jamaa na wageni hawakukoma kuingia na kutoka, na mmoja wa wanawe baadaye aliifananisha nyumba ile na banda la njiwa.

Tangu mwaka 1729 aliongoza chama cha wapiga muziki kilichokutana katika mkahawa wa Zimmermann. Yapata mwaka 1734 alitunga mchezo wa kuimba juu ya baba anayemkataza bintiye kahawa. Baba anatisha kumnyima nguo na matembezi, binti hajali. Anapotishwa kunyimwa mume, anakubali, lakini kwa siri anatoa sharti kuwa mchumba yeyote lazima kwanza aridhie kahawa. Aliyeutunga alikuwa na mabinti nyumbani, wala hakuhitaji kwenda mbali kutafuta kisa.

Sehemu ya mapato yake ilitokana na malipo ya mazishi na arusi. Mwaka 1730 alimlalamikia rafiki kwamba upepo mwema wa afya ulipovuma mjini watu walikataa kufa, na kwa ajili hiyo mwaka uliotangulia alipoteza zaidi ya taleri 100, fedha ya huko. Huo ni mzaha, lakini ni mzaha wa mtu anayehesabu. Mwaka 1748 binamu yake alimpelekea pipa la divai. Karibu theluthi moja ilimwagika njiani, na Bach akaorodhesha malipo ya mchukuzi na kila ushuru, akamwomba kwa upole asirudie zawadi ya gharama namna ile. Mwaka huo huo alitangaza kwa furaha kwamba mwanawe Emanuel, wa Berlin, amekwisha kumpatia wajukuu wawili wa kiume. Yule mdogo alipewa jina la babu, na alipokua akawa mchoraji.

Macho ya babu huyo yalikuwa yakififia. Mwezi Juni 1749, Bach akiwa hai na bado kazini, wakubwa wa Leipzig walimfanyia majaribio mtu wa kushika nafasi yake. Mwaka 1750 tabibu Mwingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili bila mafanikio. Alikufa tarehe 28 Julai, baada ya utumishi wa miaka 27 katika mji huo.

Anna Magdalena alipewa mshahara wa nusu mwaka, kama ilivyokuwa desturi. Baraza la mji likakumbuka, baada ya miaka yote hiyo, kwamba mwaka 1723 marehemu alilipwa kupita siku alizofanya kazi, likakata tofauti hiyo katika fedha ya mjane. Iwapo daftari la hesabu lilitunzwa vizuri namna hiyo, si vigumu kuona ni kitu gani hakikutunzwa. Mama huyo alikufa mwaka 1760, akiishi kwa sadaka za mji. Kitinda mimba wao, Regina Susanna, alifikia uzee katika ufukara, mpaka mwaka 1800 gazeti moja la muziki la Leipzig lilipowachangisha wasomaji wake ili kumsaidia. Beethoven alikuwa miongoni mwa waliojitolea kusaidia. Regina alikufa mwaka 1809, wa mwisho katika wale 20.