Robert Koch na Ukuta wa Mafuta

Sisi tuliolelewa Shella, Malindi, tumewaona mafundi wakipaka chombo deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili maji ya chumvi yasipenye mbaoni. Bakteria wa kifua kikuu naye hujikinga kwa hila kama hiyo. Makala haya yanaangazia maisha ya mtu aliyemfichua, Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, akahitimu udaktari huko Göttingen mwaka wa 1866. Akiwa daktari wa wilaya ya Wollstein, alithibitisha mnamo 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Kifua kikuu, hata hivyo, kilimtaabisha, kwa kuwa bakteria wake hawakushika rangi za kawaida za maabara. Koch alitia alkali katika rangi ya buluu, akaziacha sampuli humo kwa saa 24, na hatimaye wakaonekana. Tarehe 24 Machi 1882 aliutangaza ugunduzi huo mjini Berlin. Alitambua kwamba bakteria huyo ana gamba la namna ya pekee, ila jinsi linavyojengwa hakuijua.

Ushindi huo ulimtia pupa. Mwaka wa 1890 aliitangaza tuberkulini kuwa tiba, nayo haikuponya. Ilikuja kufaa katika upimaji tu. Mwaka wa 1905, uleule aliotunukiwa Tuzo ya Nobel, alichunguza homa ya papasi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kisha, kati ya 1906 na 1907, alitibu malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Si haki kumsifu mtaalamu huyu bila kuwakumbuka hao, walioilipia elimu yake kwa macho yao.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akaliacha fumbo la gamba bila jawabu. Chombo hupakwa deheni na fundi aliye nje, lakini bakteria hana fundi wa nje. Mafuta yake, yaitwayo asidi za mikoliki, huundwa ndani ya seli, hufungamanishwa na sukari ya trehalosi, kisha hayana budi kuvushwa utando ili yafike ukutani. Mnamo 2012 watafiti walibainisha kwamba mvushaji huyo ni protini iitwayo MmpL3. Ikizuiwa, ukuta haujengeki na bakteria hufa. Ndiyo maana watafutaji wa dawa mpya wameilenga.

Koch alituonyesha adui aliyejificha. Kumvua deheni yake ni jukumu la waliomfuata, nao wana wajibu wa kukumbuka yaliyotokea Ssese: dawa hupimwa kwa hali ya mgonjwa anayeinywa, si kwa umaarufu wa aliyeileta.