Wilhelm Ostwald: Vichocheo na Lugha ya Ulimwengu

Kwa miaka hamsini, tangu 1963 hadi 2013, mafuta ghafi yaliyoshushwa gatini Kipevu yalisafishwa jirani, Changamwe. Baadhi ya mitambo ya humo ilipitisha mafuta mepesi juu ya kichocheo ili kupata petroli bora. Elimu ya vichocheo inamwia deni kubwa Wilhelm Ostwald.

Ostwald alizaliwa Riga mwaka 1853, akasomea Dorpat, na mwaka 1887 akawa profesa Leipzig. Istilahi ya uchochezi wa kikemikali ilikuwapo tangu 1835, alipoibuni Berzelius wa Uswidi, ila ilificha mengi kuliko ilivyofichua. Ilidhaniwa ipo nguvu ya siri. Ostwald aliirejesha mada kwenye kipimo cha wakati. Kichocheo hubadili kasi ya mmenyuko bila kuwamo katika zao lake la mwisho, wala hakibadili kiwango ambapo mmenyuko hutulia. Ni mfano wa msafiri aendaye Likoni kwa feri badala ya kuzunguka nchi kavu: hufika upesi, lakini Likoni ni ileile.

Mwaka 1902 alipata hataza ya kupitisha amonia na hewa juu ya platini ya moto ili kutengeneza asidi ya nitriki. Mwaka 1909 akatunukiwa Nobeli ya Kemia. Asidi hiyo huzaa mbolea. Huzaa baruti vilevile. Vita vya 1914 vilipoikatia Ujerumani shura ya Chile, njia hiyo ndiyo iliyoendeleza mizinga. Ostwald mwenyewe alitia saini tamko la wasomi 93 la kuitetea Ujerumani.

Kwa wanaisimu, upande wake mwingine unavutia zaidi. Alitoa sehemu ya fedha za Nobeli kuieneza Ido, lugha ya kubuni iliyochipuka katika Kiesperanto, akiamini kwamba wingi wa lugha huchelewesha sayansi. Vita vilipopamba moto, mpenda lugha isiyo ya taifa lolote akapendekeza Kijerumani kilichorahisishwa kwa ajili ya mataifa mengine. Hapo ndipo hoja yake ilipopwaya. Mkutano wa Mombasa wa 1928, pamoja na kuiacha Kimvita nyumbani kwake na kuteua Kiunguja, angalau uliteua lahaja yenye wenyewe.

Ostwald alifariki Leipzig Aprili 1932. Ido ilibaki na wafuasi wachache. Platini yake ingali inachoma amonia viwandani.