Robert FitzRoy, nahodha aliyewapa mabaharia onyo la dhoruba

Wavuvi wa omena wa Homa Bay na Migori huenda kazini wakati wenzao wanarudi nyumbani. Jua likizama, mashua hutoka Mbita, Sindo, Sori na Muhuru Bay na kuingia Ziwa Victoria na taa zao, kwa kuwa mwanga ndio unaowaita dagaa hao juu. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, kwa hivyo siku za kazi ni zile za giza tu. Na usiku ndio wakati wa dhoruba za ziwani. Nchi kavu hupoa upesi baada ya magharibi, maji yakabaki na joto lake. Basi upepo wa bara hushuka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa ikakutana huko, ikapanda na kufanya wingu la radi. Mchana mambo hugeuka, na mvua ya mawe ikawaangukia watu wa Kisii na Kericho. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba ziwa hili huua kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka, na hali mbaya ya anga ni mojawapo ya sababu kubwa.

Ndiyo maana wavuvi hao siku hizi hutolewa utabiri wao wenyewe, wa upepo, mawimbi na mvua ya ziwani. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za serikali ya Uingereza, uliziunganisha idara za hali ya anga za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa kazi hiyo. Idara ya Uingereza nayo ilikuwamo. Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1854, na aliyeianzisha alikuwa nahodha mmoja na wasaidizi watatu. Kila ninaposikia watu wakiwacheka watabiri kwa sababu mvua iliyotangazwa haikunyesha, humkumbuka yeye.

Robert FitzRoy alizaliwa tarehe 5 Julai 1805 katika jimbo la Suffolk, katika ukoo wa kitawala. Babu yake alikuwa mtawala wa Grafton. Akiwa na miaka 12 alipelekwa chuo cha wanamaji cha Portsmouth, na alipofanya mtihani wa uafisa alipata alama zote. Mwaka 1828, akiwa na miaka 23, alikabidhiwa meli ya Beagle katika bahari za kusini mwa Amerika. Nahodha aliyemtangulia, Pringle Stokes, alikuwa amejiua kwa bastola kwa uchungu wa baridi na upweke wa kule. Mjomba wake FitzRoy mwenyewe, waziri Castlereagh, alikuwa amejiua mwaka 1822. FitzRoy aliogopa maisha yake yote kwamba jambo hilo limo katika damu yake.

Muda mfupi baadaye, Januari 1829, Beagle ilikuwa karibu na Maldonado, katika nchi ya Uruguay ya leo. Baromita, chombo kinachopima uzito wa hewa, ilikuwa imeshuka. Kijana aliiona, asiipe uzito wa kutosha. Upepo mkali wa nchi ile, unaoitwa pampero, ulikuja ghafla ukailaza meli ubavu, na mabaharia wawili waliokuwa juu mlingotini wakatupwa baharini wakazama. Alijilaumu kwa hilo. Anayetaka kuielewa kazi aliyoifanya miaka thelathini baadaye aanzie hapo, si kwenye safari iliyompa umaarufu.

Safari hiyo ya umaarufu ilianza Desemba 1831 ikaisha Oktoba 1836, na kijana aliyemchukua kuwa mwenzake mezani ni Charles Darwin. Mengi yameandikwa juu ya Darwin, na sina la kuongeza. Kwa upande wa FitzRoy, alipima pwani zile kwa uangalifu mkubwa, na kwa fedha zake alinunua meli ya pili ili kazi iende haraka. Serikali haikumrudishia. Mwaka 1841 aliingia bungeni, na mwaka 1843 akawa gavana wa New Zealand. Huko walowezi walimchukia kwa sababu hakuwakubalia kila walichotaka katika ardhi ya Wamaori, na kufikia mwaka 1845 akawa ameachishwa kazi.

Cheo cha mwaka 1854 hakikuwa kikubwa. Alitakiwa kukusanya takwimu za upepo kutoka kwa manahodha ili meli zifupishe safari, basi. Lakini usiku wa tarehe 25 Oktoba 1859, majira ya baridi yakikaribia, kimbunga kilizikumba pwani za Uingereza. Meli ya Royal Charter, iliyotoka Melbourne na wachimba dhahabu waliokuwa wakirudi kwao, ilivunjika kwenye miamba ya Anglesey ikiwa karibu kabisa na bandari yake ya Liverpool. Watu wapatao 450 walikufa. FitzRoy alikusanya vipimo vya siku zile kutoka kila pembe, na ikaonekana kwamba dhoruba ile ilikuwa na njia iliyoweza kufuatwa. Na simu ya waya ilikuwa tayari imeenea, nayo hukimbia kuliko upepo wowote.

Akaomba ruhusa, akapewa. Vituo 15 vilimpelekea vipimo vyao kila asubuhi kwa simu. Kuanzia Februari 1861, akiona hatari, alipeleka onyo bandarini, na huko hupandishwa alama nyeusi za turubai mlingotini. Alama yenye umbo la pia, ncha juu, ilionya juu ya upepo mkali wa kaskazini. Ncha chini, wa kusini. Likiongezwa umbo la pipa, upepo ungegeuka na kuvuma kwa zamu kutoka pande mbalimbali. Usiku zilitumika taa. Zaidi ya hayo, vijiji maskini vya wavuvi viliazimwa baromita kwa gharama ya umma. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo gazeti la The Times likachapisha utabiri wake wa kwanza kwa watu wote.

Jina la kazi hiyo alilichagua mwenyewe. Alilikataa neno la unabii, akachukua neno la Kiingereza lenye maana ya makadirio yanayotokana na hesabu. Sisi tumekosa bahati hiyo. Kutabiri tumekupata kwa Waarabu, ambao walikutumia kwa kufasiri ndoto, na mpaka leo mpiga ramli na mtaalamu wa hali ya anga wote wawili wanatabiri. Si ajabu tukiwadai wote wawili uhakika.

Waingereza nao walimdai uhakika huo. Dhoruba zao nyingi hutoka magharibi, kwenye Atlantiki, ambako FitzRoy hakuwa na kituo hata kimoja. Alikosea, tena mara nyingi. Aliposema alama ni ya kuwataka watu wachukue hadhari tu, wala si amri ya kubaki nchi kavu, wachache walimsikiliza. Magazeti yalimfanyia mzaha. Wanasayansi walisema anatangaza kabla ya kujua. Wenye mashua za uvuvi walikasirika zaidi, kwa kuwa alama ikipanda wavuvi hukataa kutoka, na upepo usipokuja siku nzima imepotea.

Hasira hiyo naielewa. Mvuvi wa Muhuru Bay aliyekwisha nunua petroli, huku wachuuzi wakimngoja ufuoni alfajiri, akiambiwa abaki usiku wa giza kisha nyota zikawaka mpaka asubuhi, hawezi kufurahi. Na ziwa lake ni gumu kuliko bahari ya FitzRoy. Hapa karibu na ikweta baromita haisaidii sana, maana hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa kawaida yake, na wingu la radi halionyeshi dalili kubwa juu yake. Dhoruba huzaliwa kwa saa chache, ikaipiga Sindo na kuiacha Sori. Kompyuta za leo huligawa ziwa katika vipande vya kilomita chache, na hesabu hurudiwa mara nyingi, kila mara vipimo vya mwanzo vikibadilishwa kidogo. Majibu yakitofautiana, mtabiri mkweli husema kuna uwezekano, hasemi zaidi. Kwangu hiyo ni taarifa kamili. Anayekaa ofisini anaweza kuhesabu onyo la bure na dhoruba isiyotangazwa kuwa makosa mawili sawa. Aliye ndani ya mashua hawezi.

FitzRoy alizeeka haraka. Masikio yalimpungukia, mali ikaisha, huzuni ikamshika. Jumapili tarehe 30 Aprili 1865 aliamka mapema nyumbani kwake Upper Norwood, akajiua. Alikuwa na miaka 59. Marafiki walichanga fedha za kulipa madeni, na Darwin, ambaye imani na sayansi zilikuwa zimewatenganisha, alitoa pauni 100. Malkia Victoria, huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye ziwa letu, aliwapa mjane na binti yake makazi katika kasri ya Hampton Court.

Kamati ikaundwa kuchunguza kazi yake, na Francis Galton akiwa ndani yake ikaamua kwamba haikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi. Desemba 1866 alama zikashushwa. Malalamiko yalitoka bandarini, kwa mabaharia na watu wa pwani waliokuwa wameonywa bure mara kadhaa, wakitaka zirudishwe. Haukupita muda mrefu zikarudishwa. Utabiri wa magazetini ulingoja mpaka mwaka 1879.

Mwaka 2002 eneo la bahari lililokuwa likiitwa Finisterre katika matangazo ya hali ya bahari ya Uingereza lilipewa jina la FitzRoy.