Jack Northrop: Fundi wa gereji aliyeikata ndege mkia

UMEWAHI kusimama shingo juu siku ya sikukuu ya kitaifa, ukitazama ndege za kivita zikipasua anga ya Nairobi? Zile zenye pua ndefu nyembamba ni F-5, za kambi ya Laikipia kule Nanyuki. Kampuni iliyoziunda inaitwa Northrop.

Kenya ilianza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni ndege ndogo, nyepesi na za bei nafuu zikilinganishwa na wenzake, ndiyo maana mataifa mengi yasiyo na pesa za kutupa yalizimudu. Lakini wepesi huo una bei yake. Ndege ndogo haibebi mafuta mengi wala silaha nyingi.

Sasa shika hili: kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyounda B-2, ndege ya kudondosha mabomu inayokwepa rada. Ukijumlisha gharama za utafiti, kila moja ilikula takriban dola bilioni 2. Haina mkia, haina kiwiliwili. Ni bawa tupu linaloruka. Ukitaka kujua wazo hilo la ajabu lilitoka wapi, lazima umjue mzee Jack, ambaye alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni hata kabla ya F-5 kuzaliwa.

Hakuwa na digrii

John Knudsen Northrop, maarufu Jack, alizaliwa Novemba 10, 1895 mjini Newark, Marekani, akalelewa Santa Barbara katika jimbo la California. Masomo yake yaliishia shule ya upili mwaka wa 1913. Baada ya hapo alihangaika tu kama vijana wengi: akawa fundi wa gereji, akashika useremala, kisha akachora ramani za nyumba.

Mnamo 1916, ndugu wawili wa ukoo wa Loughead walikuwa mjini humo wakiunda ndege ya kutua majini. Jack akapata kazi kwao. Hakuwa amesomea uhandisi, lakini alijua kuchora na alijua kupiga hesabu. Hayo mawili yakamtosha kuanza.

Kufikia 1927 alikuwa amechora Vega, ndege ya kampuni ya Lockheed. Iliundwa kwa mbao, mwili wake laini kama ganda la yai, bila zile nyaya na miti ya kushikilia mabawa ambazo ndege nyingi za wakati huo zilikuwa nazo. Amelia Earhart alipovuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1932, alikuwa ndani ya Vega.

Hapo ndipo unaanza kumwelewa msee huyu. Kila alipoitazama ndege, alijiuliza atoe nini, si aongeze nini.

Ndoto ya bawa tupu

Unajua ule upepo unaokupiga usoni ukikaa karibu na dirisha la matatu linalochapa mbio Thika Road? Huo ndio adui wa ndege. Kila kipande kinachojitokeza kinakinzana na hewa, na kukisukuma kunakula mafuta. Jack aliona kwamba kazi kubwa ya kuibeba ndege angani hufanywa na bawa. Kiwiliwili na mkia kwa sehemu kubwa ni mizigo. Basi kwa nini usitupe vyote viwili, ukaweka injini, mafuta, mabomu na marubani ndani ya bawa lenyewe? Utaenda mbali zaidi kwa mafuta yale yale.

Wazo tamu, lakini mshika mawili moja humponyoka. Mkia wa ndege ni kama manyoya ya mshale. Yang'oe, uone mshale utakavyoyumba.

Mwaka wa 1939 alianzisha kampuni yake mjini Hawthorne, California. Mwaka uliofuata ndege yake ndogo ya majaribio, N-1M, ikapaa bila mkia. Juni 25, 1946 likaruka jitu lenyewe, XB-35, lenye upana wa mita 52 kutoka ncha hadi ncha. Kwenye ncha za mabawa aliweka vibao vinavyofunguka na kushika hewa upande mmoja, ili ndege igeuke bila usukani wa mkia. Werevu wa hali ya juu!

Propela zake zilisumbua sana, hivyo Oktoba 1947 ikaja YB-49 yenye injini nane za jeti. Kasi ikapanda, lakini jeti za enzi hizo zilikuwa walafi wa mafuta. Ile faida ya kwenda mbali ikaanza kuyeyuka. Isitoshe, propela zilikuwa zikisaidia kuituliza ndege. Zilipotolewa, ikabidi aongeze vibao vinne vidogo vya wima. Hata hivyo pua iliyumba kushoto na kulia, na ndege inayoyumba hailengi bomu sawasawa. Tena vyumba vya mabomu ndani ya bawa vilikuwa vidogo kwa yale mabomu manene ya nyuklia ya wakati huo.

Damu, kisha misumeno

Juni 5, 1948, YB-49 moja ilianguka katika jangwa la Muroc, California. Watu wote watano waliokuwemo walifariki. Mmoja wao alikuwa Kapteni Glen Edwards, na kambi ya pale ilipewa jina lake. Inaitwa Edwards hadi leo.

Mwaka wa 1949 jeshi la Marekani lilifuta kandarasi. Likaishikilia B-36, ndege kubwa ya umbo la kawaida, yenye mkia wake, iliyoenda mbali sana na kubeba mabomu makubwa. Ndege za Jack zilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Mwaka wa 1952 akastaafu.

Akiwa mzee sana, Jack alidai kwamba alinyimwa kandarasi kwa sababu alikataa kuunganisha kampuni yake na nyingine, kama alivyotakiwa na Stuart Symington, aliyekuwa waziri wa jeshi la anga. Symington alikana. Wewe amua utakavyo, lakini usisahau hili: hata bila siasa, kasoro za ndege hiyo zilikuwa za kweli. Watu watano walikuwa makaburini.

Alichokuwa hakukitafuta

Miaka ilipita, na rada ikawa mwiba kwa kila rubani. Rada hurusha mawimbi na kusubiri yarudi, kama mpira unaoudunda ukutani. Mkia wa wima ni ukuta mzuri sana wa kuyarudisha. Sasa, ndege gani haina ukuta huo? Bawa tupu.

Jack alikuwa akipigana na upepo, kumbe alikuwa pia amegusa dawa ya rada. Na lile tatizo la kuyumba likapata jibu ambalo yeye hakuwa nalo: kompyuta zinazorekebisha mwendo wa ndege kila wakati, haraka kuliko mkono wa binadamu.

Aprili 1980 mzee aliitwa kiwandani. Alikuwa mgonjwa, hawezi tena kuzungumza. Kwa kibali maalumu, maana mradi ulikuwa siri kubwa, aliwekewa mikononi mfano mdogo wa ndege iliyokuwa ikichorwa. Hakuhitaji kuelezwa. Alilijua umbo lile. Februari 18, 1981 akafariki akiwa na umri wa miaka 85. Kampuni ilipewa kandarasi Oktoba mwaka huo, na Julai 17, 1989 B-2 ikaruka. Upana wake ni mita 52, sawa na ule wa jitu lake la 1946.

Bado kuna bili

Usidhani hadithi imeishia kwa ushindi mtupu. B-2 haifiki kasi ya sauti. Ngozi yake inayomeza mawimbi ya rada ni laini kutunza, hivyo hulala ndani ya mabanda yenye hewa inayodhibitiwa. Mpango ulikuwa kuunda 132, zikaundwa 21 tu. Na mwaka wa 2008, kisiwani Guam, unyevu uliingia kwenye vipimo vya hewa vya B-2 moja, kompyuta ikadanganyika, ndege ikaanguka ikipaa. Marubani wawili waliruka wakapona. Kompyuta ile iliyochukua kazi ya mkia ilikuwa imeleta udhaifu wake yenyewe.

Ndege za mapigano nazo zinalipa kivyake. F-22 inakwepa rada lakini imebaki na mikia, imeinamishwa tu, kwa sababu lazima ikate kona kali ikipigana. Huficha makombora tumboni, na tumbo likijaa limejaa. F-16 huning'iniza mzigo chini ya mabawa, inabeba mengi, ila rada inaiona vizuri.

Kwa hivyo ukisikia mtu akikusifia kitu, iwe ndege, simu au biashara, eti hakina kasoro, muulize bili iko wapi. Jack alitoa mkia, akalipa kwa kuyumba, na deni hilo halikulipika enzi zake. Lilisubiri miaka 40, hadi mashine ambazo hakuwa nazo zikaja kumlipia.