John Napier: Aliyegeuza Kuzidisha Kuwa Kujumlisha

Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha hesabu ndefu za kuzidisha anafahamu jinsi kosa la tarakimu moja linavyoharibu kazi nzima. Taabu hiyo ndiyo iliyomshughulisha John Napier kwa muda wa miaka 20.

Napier alizaliwa mwaka 1550 huko Merchiston, karibu na Edinburgh, nchini Uskoti. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Hakuwa mwalimu, alikuwa mwenye mashamba aliyependa hesabu. Zama zake wataalamu wa nyota walipoteza siku nyingi wakizidisha na kugawanya namba ndefu.

Wazo lililomsaidia laweza kuonyeshwa ubaoni kwa safu mbili. Ya juu ni 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7. Ya chini ni 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Safu ya juu hukua kwa kujumlisha, ya chini hukua kwa kuzidisha. Atakaye kuzidisha 8 kwa 16 hujumlisha 3 na 4 zilizo juu yake, akapata 7. Chini ya 7 ipo 128. Ugumu ulikuwa kuyajaza mapengo yaliyo kati ya namba hizo. Napier alipata njia ya kuyajaza, na mwaka 1614 akachapisha majedwali yake kwa Kilatini, akiziita namba hizo logarithimu.

Mwaka 1615 Henry Briggs, mwalimu wa jiometri mjini London, alifunga safari hadi Uskoti kumwona. Alipendekeza majedwali yajengwe juu ya kumi. Napier, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, hakuitetea kazi yake ya miaka 20. Alikubali, akaongeza kwamba logarithimu ya 1 iwe 0, na kazi akamwachia Briggs. Alifariki tarehe 4 Aprili, 1617. Majedwali makubwa ya Briggs, yenye logarithimu za namba 30,000, yalitoka mwaka 1624.

Kabla ya hapo, mnamo 1620, Edmund Gunter alikuwa ameichora logarithimu juu ya rula: kutoka 1 hadi 10 ni hatua moja, kutoka 10 hadi 100 ni hatua iliyo sawa na hiyo. Mhimili wa namna hiyo ndio unaochorwa leo na programu za kompyuta. Kitu kinachoongezeka maradufu mara kumi hutoka 1 hadi 1,024. Katika grafu ya kawaida nukta za mwanzo hulala chini zisionekane vizuri, na ya mwisho huruka juu. Mhimili wa wima ukiwa wa logarithimu, nukta zote hukaa juu ya mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu hatua zilizo sawa zina maana ya kuzidisha kwa kiasi kilekile. Sifuri haina mahali katika mhimili huo, kwani hakuna kuzidisha kwa namba isiyo sifuri kunakoifikisha 1 kwenye sifuri.

Ndugu mwalimu, zichore safu zile mbili ubaoni, uwaache wanafunzi wavumbue wenyewe uhusiano wake. Na mmoja wao akileta njia iliyo bora kuliko yako, umkumbuke mzee wa Merchiston, uipokee.